Alama ya Reli

Wahenga walituachia usemi kwamba ahadi ni deni. Usemi huu tunaujua tangu utotoni. Tumeuona kwenye khanga na nyuma ya malori, na kwa kuwa tunaujua mno, hatuufikirii tena. Mimi nililazimika kuufikiria upya nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na kilichonilazimisha hakikuwa hotuba wala mahubiri. Ilikuwa ni alama moja ndogo katika faili la kompyuta, ile ambayo kila Mtanzania mwenye simu huibonyeza mwishoni anapouliza salio. Sisi huiita alama ya reli. Mjini Bariadi hatuna reli. Iliyo karibu nasi inapita Malampaka, wilayani Maswa. Lakini alama yake ninayo moyoni, na katika kurasa hizi ningependa kueleza imefikaje huko.

Ndugu msomaji, usiogope kusikia habari za kompyuta. Nitaeleza mambo machache tu, na yote yanahusu jambo ambalo wewe na mimi hulifanya kila siku, yaani kutoa neno letu.

Bariadi ni makao makuu ya mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa, kwa sehemu kubwa, kutoka Shinyanga. Anayefika kwetu mwezi wa Juni hahitaji kuambiwa watu wanaishi kwa kitu gani. Pamba iko kila mahali: juu ya mikokoteni ya ng'ombe, katika magunia yaliyorundikwa barazani, na nyuzi zake zimenasa kwenye miiba kando ya barabara ya Dutwa. Mkulima hupeleka pamba yake kwenye kituo cha chama cha msingi. Karani huiangalia kama ni safi au fifi, huipima, huandika kilo, na kuanzia hapo mkulima huanza kusubiri fedha. Ada za shule, bati, matibabu na mahari, vyote huning'inia kwenye namba ile iliyoandikwa na karani.

Katika msimu wa mwaka 2021 nilikuwa fundi wa kompyuta wa mnunuzi mmoja wa pamba. Sitamtaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza lilikuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilo zilizopimwa vituoni zinafika kwenye daftari la malipo kiwandani siku hiyo hiyo. Karani aliingiza katika simu namba ya mkulima, kilo na daraja. Simu ikatuma ujumbe mjini. Kompyuta yetu ya mjini ikaupokea, kisha ikaukabidhi kwa kompyuta ya wahasibu.

Kompyuta ile ya mjini ilitumia programu iitwayo Mosquitto. Mimi huiita programu tarishi. Wazee wetu wanamkumbuka tarishi wa boma: hakuandika barua, wala barua haikuwa yake, lakini ilipokuwa mkobani mwake ilikuwa juu yake. Programu ya namna hii husimama kati ya anayetuma na anayepokea, ili wasilazimike kuwa macho kwa wakati mmoja. Lugha inayoitumia huitwa MQTT. Ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa kampuni ya IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta yaliyo mbali, ambako mawasiliano yalikuwa ya ghali na dhaifu. Nani angedhani kwamba lugha ya mabomba ya mafuta ingekuja kubeba kilo za pamba ya Usukumani?

Lugha hiyo ina ngazi tatu za kukabidhi ujumbe. Ngazi ya sifuri ni kurusha tu: ukifika umefika. Katika ngazi ya moja, mpokeaji lazima ajibu kwamba amepokea, na asipojibu mtumaji hurudia. Ngazi ya mbili huhakikisha kwamba ujumbe umefika mara moja tu, wala si zaidi. Sisi tulitumia ngazi ya moja. Hapa pana jambo ambalo naomba ulishike. Kanuni za MQTT zinasema kwamba mpokeaji anapojibu hivyo, amekubali kuwa ujumbe ule sasa ni wake. Dhamana imehama. Mtumaji anaruhusiwa kuusahau. Na simu za makarani wetu, kwa kuwa nilizipanga hivyo mimi mwenyewe, zilisahau: alama ya vema ya kijani ilitokea kwenye kioo, na ujumbe ukafutwa.

Sasa, tarishi huyu haijui nia ya bwana wake. Huambiwa la kufanya kwa faili dogo la maandishi, linaloitwa faili la usanidi, ambalo hulisoma kila inapoamka. Sarufi ya faili hilo ni nyepesi kuliko sarufi ya lugha yoyote niliyopata kujifunza. Kila mstari ni agizo moja. Huanza na jina la jambo, hufuata nafasi moja, kisha thamani yake. Ukiandika “listener 1883”, umeiambia isikilize kwenye mlango namba 1883. Ukiandika “persistence true”, umeiambia kwamba ujumbe inaoushikilia iuandike pia kwenye diski, ili umeme ukikatika usipotee. Maana “true” ni kweli na “false” ni si kweli.

Kanuni mbili zimebaki. Ya kwanza ni kwamba mstari ambao herufi yake ya kwanza kabisa ni alama ya reli hausomwi. Mstari huo ni maelezo kwa binadamu. Programu huupita kama vile haupo. Ya pili ni kwamba jambo ambalo halikutajwa kabisa bado lina jibu. Jibu lake limekwisha kuwekwa na waliotengeneza programu. Kwa habari ya “persistence”, jibu la kimya ni “false”, yaani usihifadhi. Hiyo ndiyo sarufi karibu yote. Mtoto wa darasa la saba angeielewa kabla chai haijapoa.

Faili la mfano linalokuja na programu lina mamia ya mistari, karibu yote ikiwa na alama ya reli mbele yake. Kazi yake ni kumwonyesha msomaji mambo yanayoweza kuagizwa, pamoja na majibu yake ya kimya. Mmoja wa mistari hiyo ni huu: “#persistence false”. Siku nilipoiweka programu ile nilijua vema kwamba umeme wetu hukatika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari huo, nikafuta “false”, nikaandika “true”. Nikahifadhi faili, nikawasha programu, ikaamka bila lalamiko lolote. Nilikuwa nimeandika “#persistence true”. Alama ya reli niliiacha pale pale.

Ilikuwa Jumatano. Tangu saa sita mchana mtandao wa kiwandani ulikuwa umekatika, kwa hiyo kompyuta ya wahasibu haikuwa hewani. Hilo halikunitia wasiwasi, kwani kazi ya tarishi ni hiyo hasa, kushika barua mpaka mwenyewe arudi. Saa kumi na moja jioni umeme wa mjini ukakatika. Betri ya akiba ikabeba mzigo kwa muda, kisha ikachoka. Umeme uliporudi alfajiri, programu ikaamka, ikasoma faili lake, ikafanya kama ilivyoagizwa. Mkobani mwake hamkuwa na barua hata moja.

Vipimo 41 vilikuwa vimepotea. Ashukuriwe Mungu, wakulima 38 walikuwa na stakabadhi za karatasi, nasi tuliwaandika upya daftarini siku ile ile. Watatu hawakuwa nazo. Karatasi ya mashine ilikwisha jioni ile, na karani akawaambia waende nyumbani salama, watafuata stakabadhi kesho, kwa maana kilo zao zimeshafika mjini. Aliwaonyesha na alama ya kijani. Karani huyo hakusema uongo. Alisema alichoambiwa na simu, na simu ilisema ilichoambiwa na tarishi. Na tarishi naye alisema kweli: alikuwa amepokea.

Nikalifungua faili la usanidi, nikasoma: “persistence true”. Nikalifunga. Nikailaumu diski, nikaipima, ikaonekana nzima. Nikalifungua tena faili, nikasoma maneno yale yale, nikaridhika. Asubuhi ile nililisoma faili lile mara nne. Mara ya tano, kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza kwa adabu: “Mzee, samahani, hiyo reli mbele ya neno ina kazi gani?”

Sikumjibu. Masikio yangu yalipata moto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mara zile nne nilisoma nini? Faili lilikuwa mbele ya macho yangu, miwani ninayo, na sarufi yake ninaifahamu kiasi cha kuifundisha. Lakini sikulisoma faili. Nilisoma nia yangu. Nilikumbuka nilichotaka kuandika, nikakiona kimeandikwa. Kijana yule aliona alama ya reli kwa sababu moja tu, kwamba hakujua nilitaka nini.

Wale wakulima watatu ilinibidi niwafuate. Wawili walikuwa vijana, nao kumbukumbu zao zilikubaliana na za karani. Wa tatu alikuwa mama mzee, mjane, ambaye nyumba yake haiko mbali na barabara ya Dutwa. Tulimkuta anapepeta mtama. Tukaamkiana kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu”, akatupa vigoda, nikaanza maelezo yangu. Yeye alisema pamba yake ilikuwa kilo 87. Karani, ambaye nilikuwa naye, alidhani ilikuwa kilo 78. Pamba yenyewe ilikwisha kuchanganywa na nyingine na kupakiwa. Hapakuwa na njia yoyote duniani ya kujua.

Nilimwambia kwamba kompyuta imepoteza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Hiyo kompyuta ni ya nani?” Nikadhani hajaelewa, nikaanza kueleza upya habari za umeme na betri. Akanikatiza: “Nimekuelewa, mwanangu. Mbuzi akila shamba la jirani, hatumwiti mbuzi barazani. Nauliza mwenyewe ni nani.”

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikasema, “Ni mimi, mayu.”

“Haya,” akasema. “Basi tuanzie hapo.”

Tulimlipa kilo 87. Mwajiri alikubali 78, nami nikaomba tofauti ya kilo 9 ikatwe kwenye mshahara wangu. Sikufanya hivyo kwa huruma, na wala sina hakika kwamba mama yule alikumbuka sawasawa, binadamu husahau. Nilifikiri hivi: aliyepoteza ushahidi hawezi kufaidika na shaka iliyoletwa na upotevu huo. Mashaka yale tuliyazaa sisi, basi ilitupasa tuyalee sisi. Wakati wa kuaga mama yule hakunishukuru, wala hakunilaumu. Alisema tu, “Siku nyingine ukisema umepokea, uwe umepokea.”

Rafiki yangu mmoja, mtu msomi, niliposimulia habari hii aliniambia kwamba najitesa bure. Nia yako ilikuwa njema, alisema, uliandika kweli, kilichokushinda ni alama moja, na kompyuta ni kitu kijinga kisichoweza kutambua kwamba mtu aliyebadili neno bila shaka alitaka neno hilo lifanye kazi. Hoja hii ina uzito. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alifundisha kwamba sheria husema kwa ujumla, na yapo mambo ambayo ujumla huo haukuyaona. Hapo haki hututaka tuirekebishe sheria kwa kusema kile ambacho mtunga sheria mwenyewe angekisema lau angekuwapo. Fundisho hili tunaliishi bila kulisoma. Ukimwagiza mtoto dukani akuletee sukari, akakuta sukari imekwisha katika duka ulilomtajia, mtoto mwenye akili huenda duka la pili. Amesoma nia yako. Kompyuta haina wema huo, nami sitaki kuisifia kwa jambo isilo nalo.

Lakini nimeitafakari hoja ya rafiki yangu, na naona imekosea mahali pamoja. Mtoto unayemtuma dukani anakujua. Amekaa nawe, ameona unavyokunywa chai yako. Yule mama wa Dutwa hakunijua. Nia yangu njema, niliyoibeba kifuani siku ninaliandika faili lile, kwake ilikuwa haionekani, sawasawa na jinsi ilivyokuwa haionekani kwa programu. Kilichomfikia ni matokeo ya mstari wenye alama ya reli, basi. Tunasema kompyuta ni ya ajabu kwa kutosoma mioyo yetu, kumbe wengi wa watu wanaotegemea neno letu wako katika hali hiyo hiyo. Mgonjwa hamjui aliyeandika lebo ya dawa. Abiria hamjui aliyekaza nati za gurudumu. Mkulima hamjui fundi wa mjini. Kwao, nia yetu ni maelezo yanayopitwa; kinachosomwa ni kile kilichofanya kazi.

Kwa hiyo nimejifunza kutenganisha vitu viwili ambavyo zamani nilivichanganya, lawama na deni. Nia njema huweza kuondoa lawama. Anayesema kwamba mimi si mwizi anasema kweli, na nadhani hata mama yule hakuniona mwizi. Lakini nia njema haiondoi deni. Niliipanga mashine iseme “nimepokea” kwa niaba yangu, mchana na usiku, kwa watu nisiowajua. Neno hilo lilipotoka, kilichopokewa kilikuwa juu yangu. Huenda wahenga walikuwa na maana hiyo waliposema ahadi ni deni: kwamba mwenye kuikadiria ahadi ni yule anayedai.

Katika nchi yetu ya pamba jambo hili si geni. Marehemu baba yangu alipenda kusimulia jinsi wakulima wa Kanda ya Ziwa walivyonung'unikia mizani za wafanyabiashara. Mkulima aliweka pamba, mwenye duka akasoma kilo, na mkulima akaambiwa namba. Hakuwa na njia ya kubisha, kwani chombo kilizungumza lugha ya mwenye duka. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake wakaanza kuwaunganisha wakulima, na moja ya madai yao ya kwanza lilikuwa kuwa na wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo ukakua ushirika uliozaa mwaka 1955 muungano mkubwa wa vyama, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Watu husema ushirika ule ulianza kwa sababu ya bei au siasa, na ni kweli. Lakini baba alisisitiza kwamba ulianza pia kwa sababu watu walikataa kupimiwa na chombo wasichoweza kukisoma.

Nami nilikuwa nimewarudisha huko huko, bila kukusudia. Alama ya kijani kwenye simu ya karani ilikuwa mizani mpya, na aliyeweza kuisoma kwa undani ni mimi peke yangu mjini Bariadi. Na mimi niliisoma vibaya mara nne.

Liko jambo jingine katika sarufi ile ambalo limenifikirisha, nalo ni habari ya kimya. Nilisema kwamba katika faili la usanidi jambo lisilotajwa lina jibu lake. Jibu hilo mtu fulani amelichagua, na anaweza kulibadili. Mwezi Desemba mwaka 2020, toleo la 2.0 la Mosquitto lilipotoka, waliolitengeneza walibadili maana ya kimya kimoja. Zamani, kama hukusema nani aruhusiwe kuingia, programu iliruhusu kila mtu. Tangu toleo hilo, kama hukusema, huwasikiliza tu walio ndani ya kompyuta ile ile, na hata ukifungua mlango wa nje, asiyejitambulisha hukataliwa mpaka uandike kwamba aruhusiwe. Faili ni lile lile na kimya ni kile kile, ila maana imegeuka.

Nilipolielewa jambo hilo, niliwaza juu ya wanaume wa rika langu ambao hawajaandika wosia. Ukiwauliza, watakuambia kwamba bado hawajaamua. Si kweli. Wamekwisha kuamua: wamesema mambo yafanywe kama ukoo utakavyoona, na kila mmoja wetu amewahi kuona mjane akitolewa nje na maamuzi ya namna hiyo, huku marehemu akitajwa msibani kama mume mwema aliyempenda mkewe. Pengine alimpenda kweli. Upendo wake ulikuwa na alama ya reli mbele yake.

Sarufi ya faili lile ina ukali wa aina nyingine, ambao sasa nauona kuwa ni wema. Lau ningekosea herufi moja katika neno “persistence” kwenye mstari usio na reli, programu ingekataa kuamka, na ingenitajia namba ya mstari wenye kosa. Ningekasirika, ningerekebisha, na yule mama angepata fedha zake. Kosa linalopiga kelele ni rafiki. La kuogopwa ni mstari mzuri, ulioandikwa kwa herufi sahihi, usiofanya kazi yoyote. Mistari ya namna hiyo tunayo mingi. Katiba za vikundi vyetu vya kuweka na kukopa zina vipengele vya ukaguzi ambavyo havijawahi kutumika tangu siku ya kuandikishwa. Kuta za ofisi nyingi zina mabango yanayosema mteja atahudumiwa kwa muda fulani, na mteja amekaa chini ya bango tangu asubuhi. Hakuna aliyesema uongo alipoviandika.

Nisiwanyoshee wengine kidole. Katika shajara zangu, kila mwezi wa Januari tangu mwaka 2016, nimeandika “kisima cha mama”. Mama alikuwa akichota maji mtoni, mbali na nyumba, na mimi nilikuwa na kipato. Niliposoma shajara zile nilijiona mtoto mwema. Nia ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, mwaka baada ya mwaka. Baada ya habari ya yule mama wa Dutwa nilizitoa kabatini nikazisoma kama angezisoma mtu asiyenijua. Mtu huyo angeona mistari sita na ndoo kichwani mwa ajuza. Kisima kilichimbwa mwaka 2022. Mama alikitumia kwa miezi minane.

Na kompyuta je? Alama ya reli niliifuta siku ile ile. Nilidhani nimemaliza, lakini safari hii niliendelea kusoma, nikagundua kwamba hata “persistence true” ina kipimo chake: pasipo agizo jingine, programu huandika kwenye diski kila baada ya sekunde 1,800, yaani nusu saa. Umeme ukikatika dakika ya ishirini na tisa, za dakika hizo zote zimekwenda. Nikaongeza maagizo ili kila badiliko liandikwe linapotokea. Kisha nikazibadili simu, zisifute ujumbe mpaka daftari la wahasibu lenyewe lijibu kwamba limeandika. Na karatasi ya mashine ikikwisha, karani huandika stakabadhi kwa mkono.

Nilifanya na jambo moja la mwisho, ambalo kijana wangu alilishangaa. Nilimwomba karani atume vipimo kumi vya majaribio, tukazima kompyuta ya wahasibu, kisha nikachomoa waya wa umeme wa tarishi ukutani kwa mkono wangu. Tulingoja kidogo, nikaurudisha. Vipimo vyote kumi vilikuwepo. Tangu hapo tunafanya hivyo kila mwanzo wa msimu, na faili la usanidi halisomwi tena na mimi. Husomwa na mtu ambaye hakuliandika, kwa sauti, mstari kwa mstari, nami huketi kando nikisikiliza.